Kasisi aliyefunga siku 67 kwenye kaburi la sheikh

SWALI

Mimi ni kiongozi wa vijana katika kanisa letu hapa Kisauni, Mombasa. Tuna marafiki Waislamu mtaani, wamezaliwa hapa na kusoma hapa, lakini wakienda kuomba kitambulisho wanaambiwa warudi na karatasi za babu zao, kisha wanapelekwa mbele ya kamati ya wazee kuhojiwa kwa sababu ya majina yao na sura zao. Mimi nilipata changu kwa wiki chache tu. Tunataka kusimama nao hadharani. Mzee mmoja wa kanisa amesema hiyo ni shida ya Waislamu, tusichanganye dini. Upande wao, ustadh mmoja amewaambia wasitegemee watu wa kanisa. Je, kuna mahali ambapo watu wa dini tofauti walisimama pamoja kupinga ubaguzi na jambo likabadilika? Na walifanyaje bila imani zao kuharibika?

JIBU

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno yaleyale: "Mimi nilipata changu kwa wiki chache tu." Umeiona tofauti kati yako na rafiki yako, na haikukupa raha. Wengi wetu tukiiona tunashukuru Mungu kimoyomoyo kwamba rungu limempata jirani, tunaendelea na safari. Wewe umesimama njiani ukauliza. Basi na mimi nitakujibu kwa kirefu.

Nitakupeleka Cape Town, Afrika Kusini, kwa sababu kule nako mambo yalipita kwenye karatasi. Sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu iliamuru kila mtu aandikwe rangi yake. Aliyetiliwa shaka alitazamwa ngozi na maofisa, na kuna waliopimwa nywele kwa kuchomekwa kalamu ya risasi kichwani: ikinasa, wewe si Mzungu. Durban kuna jamii inayoitwa Wazanzibari mpaka leo. Wazee wao wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakashushwa Durban kuanzia mwaka 1873. Ni weusi kama mimi na wewe, na wengi wao ni Waislamu. Makaburu walipokosa pa kuwaweka, wakawaandika kuwa ni Waasia wa aina nyingine. Nakueleza haya ili ujue kwamba anachofanyiwa rafiki yako mbele ya kamati, kutazamwa uso halafu kuulizwa babu yako ni wa wapi, kina ukoo mrefu. Na Waafrika walipojaribu kukataa pasi walizolazimishwa kutembea nazo, polisi waliua watu 69 pale Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960.

Sasa nikujulishe kwa Imamu Abdullah Haron. Alizaliwa Cape Town mwaka 1924, na mwaka 1955 akawa imamu wa msikiti wa Al-Jamia, mtaa wa Stegman, Claremont. Waislamu wengi wa mji ule ni wajukuu wa watu walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, kutoka India na kutoka pande zetu hizi za Afrika, wakiwa watumwa au wafungwa. Katika mizani ya makaburu walihesabiwa machotara. Walikuwa chini ya Mzungu, lakini ngazi moja juu ya Mwafrika: kazi bora kidogo, nyumba bora kidogo, na pasi hawakubeba. Ngazi hiyo moja ndiyo iliyowafunga wengi midomo. Mtu anayeogopa kuipoteza haulizi aliye chini yake anaishije.

Imamu Haron aliishuka. Mchana alikuwa akiuza peremende na chokoleti za kampuni ya Wilson Rowntree, na kazi hiyo ilimpatia kibali cha kuingia Langa, Nyanga na Gugulethu, vitongoji vya Waafrika ambako mtu wa rangi nyingine hakuruhusiwa kuingia hivihivi. Akaingia na bidhaa zake, na humohumo akabisha hodi kwa wake wa wafungwa wa kisiasa, akawaachia chochote cha kununulia chakula na kulipia kodi ya nyumba. Watu wa Langa walimwita mfundisi. Hilo ni neno la Kixhosa la mchungaji wa kanisa. Lifikirie kidogo, dada yangu. Walikuwa na neno moja tu la mtu wa Mungu anayekuja nyumbani kwako siku ya dhiki, na walilitumia bila kumuuliza anaswali upande gani.

Pesa zenyewe zilikuwa na safari yake. Huko London alikuwako Kanoni John Collins wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, mwanzilishi wa mfuko wa kuwalipia mawakili wapinzani wa ubaguzi na kulisha familia zao. Serikali ya Afrika Kusini iliupiga marufuku mwaka 1966. Baada ya hapo pesa zikapita uchochoroni: watu wa kawaida wa Uingereza waliandikiana na familia za wafungwa kama marafiki wa barua tu, kusalimiana na kuulizana hali ya watoto, na pamoja na salamu hizo wakatuma pesa za matumizi. Imamu alipokuwa London alikutana na Collins. Kwa hiyo sadaka ya Mkristo wa Uingereza iliweza kumfikia mjane Mkristo wa Langa kwa mkono wa imamu muuza peremende. Hakuna kamati ya dini zote iliyoketi kutoa tamko. Kulikuwa na mjane mwenye njaa, na watu walioaminiana.

Tarehe 28 Mei 1969, siku iliyoangukia Maulidi, polisi wa usalama walimkamata. Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967 iliwaruhusu kumweka mtu ndani bila mashtaka, bila wakili, bila kikomo. Walimweka siku 123. Tarehe 27 Septemba akafia mikononi mwao, kwenye korokoro za Maitland. Walisema alianguka kwenye ngazi. Mwili wake ulikuwa na michubuko zaidi ya 20 na ubavu uliovunjika. Tarehe 29 maelfu kwa maelfu ya watu walilisindikiza jeneza hadi makaburi ya Waislamu ya Mowbray, na usiku wa siku hiyohiyo tetemeko la ardhi lilipiga upande wa Tulbagh likaitikisa Cape Town nzima. Wazee wa kule hawataji moja bila la pili. Wiki moja baadaye, tarehe 6 Oktoba, London ilimwombea Mwislamu huyu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie, kwa sababu wewe umeshaanza kulionja. Katika siku zile 123, viongozi wengi wa Kiislamu wa Cape Town walinyamaza. Wengine waliogopa, na woga wao ninauelewa. Wengine walisema aliyataka mwenyewe kwa kujitia katika siasa. Mjane wake, Bi. Galiema, alibaki na watoto watatu na kimya hicho. Kwa hiyo mzee wako wa kanisa na yule ustadh si watu wa ajabu, na usiwaone maadui. Wamesimama mahali ambapo wengi husimama siku ya kwanza.

Sasa kasisi. Aliitwa Bernard Wrankmore, Mwanglikana, mzungu, aliyekuwa akihudumia mabaharia bandarini. Agosti 1971, karibu miaka miwili baada ya mazishi, alipanda Signal Hill, kilima kinachoutazama mji, akaenda kwenye ziara, yaani kaburi linalozuriwa, la sheikh aliyezikwa huko, akatangaza kwamba anafunga. Dai lake lilikuwa moja: Waziri Mkuu John Vorster aunde tume ya jaji ichunguze kifo cha Imamu Haron.

Mahali penyewe nimefika. Ni jengo dogo jeupe lenye kuba la kijani, chini yake unaiona bandari na bahari. Unavua viatu mlangoni. Ndani kaburi limefunikwa vitambaa juu ya vitambaa, cha juu kikiwa bado na mikunjo ya dukani, na ubani umeingia hadi kwenye kuta. Ukifumba macho unadhani uko Lamu. Watu wa Cape Town huyaita makaburi hayo kramat, na ni neno hilihili letu, karama. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta kwa nusu saa, upepo wa bahari ukinipiga, nikajaribu kupiga hesabu ya siku 67 bila chakula. Sikuweza kuimaliza. Alipanda kilima majira ya baridi ya kule yakiwa hayajaisha, na aliposhuka ilikuwa mwishoni mwa Oktoba.

Vorster alikataa. Tume haikuundwa. Wrankmore akashuka akiwa hai na amekonda kama ukuti, na kwa macho ya dunia alikuwa ameshindwa. Tarehe 27 Oktoba, siku chache tu baada ya mfungo ule, kijana mwalimu Ahmed Timol, Mwislamu, alifia mikononi mwa polisi wa usalama Johannesburg, katika jengo lililopewa jina la huyohuyo Vorster. Walisema alijirusha kutoka ghorofa ya kumi. Na Novemba mosi, mkuu wa kanisa kuu la Kianglikana la Johannesburg, Gonville ffrench-Beytagh, alihukumiwa miaka mitano chini ya Sheria ya Ugaidi. Sehemu kubwa ya kesi yake ilihusu pesa za kusaidia familia za wafungwa, kazi ileile ya Imamu Haron. Mwaka uliofuata alishinda rufaa. Nyakati zile dola ilikuwa haibagui kati ya kanzu ya sheikh na kanzu ya padri.

Umeniuliza kama jambo lilibadilika. Tarehe 9 Oktoba 2023, Jaji Daniel Thulare wa Mahakama Kuu ya Western Cape alitamka kwamba Imamu Haron aliteswa na polisi wa usalama na kwamba mateso hayo ndiyo yaliyomuua. Hadithi ya ngazi ilikuwa uongo. Ilikuwa imepita miaka 54. Bi. Galiema hakuisikia. Alifariki tarehe 29 Septemba 2019, miaka 50 kamili tangu siku aliyomzika mumewe. Uamuzi kama huo kuhusu Timol ulitoka mwaka 2017. Kwa hiyo ndiyo, lilibadilika, lakini usiingie kwenye jambo hili ukiwa na kalenda ya miezi mitatu.

Nije sasa kwenye swali lako la pili, la imani kuharibika, ambalo naona ndilo linalokuuma zaidi.

Mtazame Wrankmore kule juu. Hakusilimu, wala hakuacha kuwa kasisi kwa sababu amelala kando ya kaburi la sheikh. Alifunga kwa ajili ya haki, na kufunga kwa namna hiyo kumo katika Biblia yake, Isaya 58, pale Mungu anapoeleza saumu aliyoichagua kuwa ni kufungua vifungo vya uovu na kuwaacha huru walioonewa. Waislamu wenye ziara yao hawakumfukuza. Walimpa kivuli, kila mtu akabaki na sala yake. Na Imamu Haron hakuwa Mkristo kidogo kwa sababu Langa walimwita mfundisi. Kuchanganya dini ni pale unapomwambia mwenzio aseme asichokiamini ili muonekane mna umoja. Kubeba mzigo wake ni jambo jingine kabisa, na wala halihitaji mkubaliane juu ya Utatu au juu ya Mtume.

Kama yule ustadh atakubali mazungumzo, na nadhani atakubali akiendewa kwa adabu, kuna kisa anachokijua kuliko mimi. Makka, kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliuza mali yake kwa mkubwa mmoja wa Kikureshi, al-As bin Wail, naye akamdhulumu bei. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Akapanda mlima karibu na Al-Kaaba akalia kwa mashairi. Koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila mwenye kudhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni. Hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alihudhuria akiwa kijana, na imepokewa kwamba baada ya Uislamu alisema angeitwa tena kwenye kiapo kile angeitikia. Walioapa naye hawakuwa Waislamu. Na Sura ya 60, aya ya 8, inasema Mwenyezi Mungu hawakatazi waumini kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita katika dini wala kuwatoa majumbani mwao. Waislamu wa Cape Town walizibishania aya hizi kwa nguvu miaka ya 1980. Vijana walioanzisha kikundi cha Call of Islam mwaka 1984, Farid Esack akiwa mmoja wao, walilaumiwa vikali na Waislamu wenzao kwa kuandamana bega kwa bega na mapadri na wanawake wasio na hijabu. Walijibu kwa Kurani, kurasa kwa kurasa. Kazi hiyo ya kusoma usiiruke. Kijana asiyejua dini yake inasema nini juu ya dhuluma atatishwa na mtu wa kwanza mwenye sauti kubwa.

Mzee wako wa kanisa naye hahitaji kitabu kigeni. Luka 10. Yule aliyepigwa njiani, Yesu hakututajia dini yake wala kabila lake. Aliyemhudumia ndiye tuliyeambiwa ni Msamaria, mtu wa ibada isiyokubalika kwa wasikilizaji. Na mwisho wake: "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo."

Ningekuwa nakudanganya, hata hivyo, kama ningekuachia picha ya dini kuwa siku zote upande wa haki. Ubaguzi wa Afrika Kusini ulibarikiwa madhabahuni. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kidachi la Matengenezo ilikubali weupe na weusi wasali mbalimbali, kwa ajili, ilisemwa, ya "udhaifu wa baadhi." Udhaifu wa baadhi! Wenye udhaifu walikuwa wazungu waliokataa kushiriki meza ya Bwana na weusi, na badala ya kuponywa wakajengewa kanisa lao. Miaka mia moja baadaye udhaifu ule ulikuwa sheria ya nchi. Aliyeukataa waziwazi kutoka ndani, Beyers Naudé, mchungaji wa kanisa hilo na mwanachama wa chama cha siri cha makaburu, aliacha mimbari yake mwaka 1963, na serikali ikamwekea vikwazo tangu 1977 hadi 1984. Ilipofika Agosti 1982, makanisa ya Matengenezo ya dunia yalikutana Ottawa, yakatamka kwamba kuutetea ubaguzi kwa Biblia ni uzushi, na yakamchagua Allan Boesak, mchungaji kutoka Cape, kuwa rais wao.

Kwa hiyo kabla hamjatoka kwenda ofisini na mabango, ingieni kwanza ndani kwenu. Hapo Kisauni mna Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari karibu mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Waulizeni wazee maneno waliyoitwa, na nani aliyewaita. Wapo Waislamu wa pwani ambao mpaka leo wanapima ndoa kwa rangi na nasaba, na wapo Wakristo wa bara wanaomwita Msomali jina ambalo sitaliandika. Mkikaa pamoja haya yatatoka. Yaacheni yatoke. Ni afadhali mgombane chumbani kwa ukweli kuliko mpigwe picha mmeshikana mikono.

Nirudi Cape Town kidogo, nikuoneshe ilipofika. Usiku wa uchaguzi ambao Waafrika hawakuruhusiwa kupiga kura, tarehe 6 Septemba 1989, polisi waliua watu wapatao 20 katika vitongoji vya mji ule. Siku saba baadaye, tarehe 13, watu kama 30,000 walitoka Kanisa Kuu la Mtakatifu George kuelekea ukumbi wa jiji. Mbele walikuwa Askofu Mkuu Desmond Tutu, Boesak, Sheikh Nazeem Mohamed wa baraza la maulamaa, na meya mwenyewe wa jiji, Gordon Oliver, wameshikana mikono. Polisi hawakujitokeza. Siku hiyo Tutu aliwaita wale watu wa upinde wa mvua. Miezi mitano baadaye, tarehe 11 Februari 1990, Nelson Mandela alitoka gerezani akahutubia kutoka ukumbi uleule. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1966, ndiyo serikali ilitangaza mtaa wa District Six kuwa wa wazungu peke yao, ikawahamisha watu wapatao 60,000. Nyumba zilivunjwa, lakini misikiti na makanisa kadhaa yaliachwa yamesimama katika uwanja mtupu, na waumini waliotupwa mbali waliendelea kurudi kwa basi kuswali na kusali humo. Mimi huwa naliona hilo kubwa kuliko maandamano yenyewe.

Sasa rudi nyumbani. Kwetu Kenya jambo hili si geni. Desemba 1999, serikali na chama tawala walipotaka kuishika peke yao kazi ya kubadilisha Katiba, Baraza la Makanisa, maaskofu Wakatoliki, Baraza Kuu la Waislamu na Baraza la Wahindu walikutana Ufungamano House, Nairobi, wakaanzisha tume yao ya wananchi. Serikali iliwabeza, kisha mwaka 2001 ikalazimika kukubali tume mbili ziunganishwe chini ya Profesa Yash Pal Ghai. Ulikuwa wakati wa fahari. Lakini mwaka 2010, Katiba ileile ilipofika kwa wananchi, viongozi wengi wa makanisa waliipinga, na mahakama za Kadhi zikiwa sababu mojawapo. Waliokuwa meza moja wakawa pande mbili. Nadhani kosa lilikuwa hili: wakubwa walishikana mikono Nairobi, lakini waumini wa kawaida hawakuwa wamewahi kubebeana lolote, kwa hiyo maneno ya kutishana yalipokuja hayakukuta kitu cha kuyazuia. Mwaka 2015 abiria Waislamu kwenye basi la Mandera walikataa kujitenga na Wakristo mbele ya bunduki za al-Shabaab, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafa kwa majeraha yake Januari 2016. Abiria wale hawakuwa wajumbe wa baraza lolote.

Na kuhusu "hiyo ni shida ya Waislamu," mweleze mzee wako kwa upole kwamba hesabu yake haijakaa sawa. Wanubi wa Kibera, ambao ni Waislamu, walilipeleka suala la watoto wao kwenye Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto, na Machi 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya imewakosea kwa kuwanyima uraia tangu kuzaliwa na kuwabagua. Wapemba wa Kwale na Kilifi, Waislamu, walitambuliwa mwaka 2023. Lakini Washona waliokaa Kenya miongo mingi bila uraia ni Wakristo tena wa kanisa kabisa. Wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kueneza Injili, na serikali ilitangaza kuwapa uraia Desemba 2020 tu. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kulima mkonge na miwa, wamo wa msikitini na wa kanisani. Oktoba 2016 walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na baada ya safari hiyo ndipo vitambulisho vikaanza kutolewa. Kamati inayomhoji kijana wa Kiislamu leo kwa ajili ya jina lake haina sababu ya kumwacha Mkristo kesho kwa ajili ya kabila lake.

Mtafanya nini basi? Msianze na maandamano. Anzeni na daftari. Kila kijana anayerudishwa aandikwe: tarehe, ofisi, karatasi alizokuwa nazo, karatasi aliyoambiwa alete, maneno aliyoambiwa. Linganisheni na vijana wa kanisa mliopata haraka. Ule muda wako wa wiki chache uandike pia, na jina lako chini yake, maana ushahidi wa aliyependelewa ni mgumu kuukana. Mkifikisha kesi za kutosha, mwanasheria wa haki za binadamu atakuwa na cha kushika. Daftari litunzwe na watu wawili, mmoja wa msikiti na mmoja wa kanisa. Kama kuna nauli au pesa za kupiga nakala, hesabu isomwe kila wiki mbele ya wote, hata ikiwa shilingi mia mbili. Nimeona vikundi vizuri vikifa kwa sababu ya shilingi mia mbili.

Juu ya sala, kubalianeni mapema. Mkikutana Ijumaa saa saba, wenzenu wanakwenda msikitini na nyinyi mnasubiri. Mkifungua kwa dua, afungue mmoja kwa namna yake, siku nyingine mwingine, asiitikie asiyetaka. Mbele ya wakubwa waacheni wenye kunyimwa waseme wenyewe. Kazi yenu ni kuwepo na kuthibitisha, msiwafanye wageni katika kesi yao. Na mwanasiasa atakayekuja na fulana za bure mumshukuru, arudi nazo.

Mtachekwa, na pengine mtaitwa ofisi fulani muulizwe nani kawatuma. Hilo mliongee kabla, pamoja na wazazi, kwa sababu mama wa rafiki yako ana mengi ya kupoteza kuliko mama yako.

Na mzee wa kanisa, usimpelekee barua yangu hii. Mwendee jioni, mkae, umsimulie kijana mmoja tu kwa jina, aliyecheza mpira na wanawe. Kisha umwombe jambo dogo: siku ambayo kijana huyo ataitwa mbele ya kamati, mzee avae suti yake ya Jumapili, aende naye, akae kwenye benchi la nje mpaka atoke. Asiseme chochote. Akikubali, mpelekeni na maji ya kunywa, maana foleni za pale ni ndefu na jua la Kisauni unalijua.